Nilicheka Nisichokisikia

Kama masikio yako yameanza kupiga kelele yenyewe, kama nyenze walioingia kichwani, na bado hujamwambia mtu, haya nayaandika kwa ajili yako. Mimi ni Feza, muuza ndagala, dagaa wa ziwa, hapa Uvira, mtaa wa Rugenge. Nina mume fundi mbao na binti mmoja, Riziki. Kifua kimepona. Masikio hayakurudi. Naandika mezani, Riziki akinisahihishia herufi, na kuna mahali fulani mbele ambapo sitaki asome. Nimemwachia asome.

Kikohozi kilinishika mwisho wa mvua, mwaka ule ziwa lilipopanda na kula nyumba za chini. Nilidhani ni moshi wa kukaushia samaki. Nikanywa tangawizi, nikanywa majani aliyoniletea shangazi kutoka Luvungi, nikaombewa kanisani nikiwa nimepiga magoti mbele ya watu wote. Kiangazi kilipoingia, kitenge kilichokuwa kinanizunguka mara moja kilinizunguka mara mbili. Sokoni wateja walihama beseni langu bila kusema neno. Mtu alikuja, akashika ndagala, akazinusa mkononi, kisha nikikohoa anakumbuka kwamba alikuwa anatafuta mihogo.

Ni Baba Riziki aliyenipeleka sante, kituo cha afya. Tulitoa makohozi, tukasubiri majibu, nikaanza vidonge. Mvua zikaja tena na mimi bado nakohoa. Wakatuma makohozi mengine mbali, na yalipotoka majibu muganga alifunga mlango kabla ya kuongea. Akasema ni kifua kikuu, lakini kile kisichosikia dawa za kawaida. Nitachomwa sindano kila siku kwa miezi, na vidonge juu yake.

Nilipofika nyumbani nilikuta mama mkwe ameshatenga sahani yangu na kikombe changu. Alikuwa amekwaruza alama chini ya sahani kwa msumari ili isichanganyike na zingine.

"Haiko mubaya," aliniambia bila kunitazama. "Ni juu ya mutoto."

Alikuwa na haki. Hata muganga alikuwa ameniambia nilale peke yangu kwanza. Lakini ile sauti ya msumari juu ya bati niliendelea kuisikia hata nilipokuwa sisikii tena kitu kingine.

Basi nikawa mtu wa benchi. Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa, nilikuwa nimeshakaa pale nje ya sante. Tulikaa sote tukiwa tumefunika midomo, na kila mmoja akiangalia vidole vya miguu yake. Hakuna aliyetaka kujua mwenzake ni nani, maana angejulikana na yeye. Nilikaa upande mmoja wa matako juma hili, upande mwingine juma linalofuata, mpaka pande zote mbili zikawa ngumu kama udongo wa kiangazi. Mama mmoja aliyeshuka kutoka Lemera kwa ajili ya matibabu alikuwa ananiachia kila siku mahali penye kivuli. Hatukuwahi kuulizana majina. Nikifika, anasogea. Huruma za wakati ule zilikuwa ndogo hivyo, na zilinitosha.

Dawa zilinitapisha. Ngozi ikawa nyeusi kwa namna ya ajabu, mikono yangu ikafanana na ya bibi yangu. Baba Riziki alikuwa anapika uji mwenyewe kabla ya kwenda kwenye karakana, na mama yake akawa anamtazama kama mtu anayemwona mwanawe akiogeshwa hadharani.

Siku ya kwanza ya sindano muganga alikuwa ameniambia: "Ukisikia kelele mu masikio, weye uniambie mbio. Usingoje."

Nikazisikia. Zilianza kama nyenze wa mbali, upande wa kushoto. Sikumwambia. Unaponisoma utauliza kwa nini, na mimi nimejiuliza sana. Niliogopa watasimamisha sindano, kifua kibaki, na ile sahani ibaki imetengwa mpaka nife. Na niliona haya. Nilikuwa nimeshakuwa mwanamke wa kikohozi, mwanamke wa kutapika, mwanamke anayepikiwa na mume. Sikutaka kuongeza jina lingine. Wewe usifanye hivyo. Siku hizi wanasema ile sindano imeachwa, ni vidonge tu, lakini hata hivyo sema.

Sauti haziondoki pamoja. Zile nyembamba ndizo zinazotangulia. Kwanza nilikosa ndege. Kisha simu: inalia kiunoni mwangu na watu wananionyesha kwa kidole. Kisha Riziki. Alikuwa na miaka kumi wakati huo, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. Nilimwona anafungua mdomo na kuufunga. Baba yake, mwenye sauti nzito, nilimsikia bado. Kwa hiyo nyumbani walianza kusema nachagua.

"Akiita bwana yake, anaitika," mama mkwe alisema. Hilo nililisikia, kwa kuwa alilisema kwa sauti kubwa ili nilisikie. "Akiita mutoto, anakaa kimya. Ule ugonjwa gani?"

Riziki aliacha kuniita. Alikuwa anakuja, anachukua anachotaka, anaondoka. Nikaona mtoto wangu anazoea kutokuwa na mama, na nikaona haya kumwambia ukweli, kwamba siyo wewe niliyekukataa.

Nilipomwambia muganga ilikuwa tayari hata sauti ya Baba Riziki inakuja kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Muganga aliweka kalamu chini. Hakunigombeza. Walibadilisha dawa siku ileile, na akaniandikia kwenye kipande cha karatasi: *Yaliyokwenda hayatarudi. Tutajaribu kulinda yaliyobaki.* Hayakubaki mengi. Nyumbani niliwaonyesha karatasi ile, mtaani sikumwambia mtu. Ilipofika katikati ya kiangazi cha pili, Uvira yote ilikuwa imenyamaza. Pikipiki zilipita bila sauti. Ziwa lilipiga mawe bila sauti. Siku moja watu walianza kukimbia kwenye barabara kubwa, wanawake wakibeba watoto, na mimi nimesimama na beseni langu nikishangaa, mpaka mtu asiyenijua akanivuta ndani ya duka. Kulikuwa na risasi, nilikuja kuambiwa.

Baada ya hapo nikajifunza kudanganya, na nilidanganya vizuri. Mtu akija akitabasamu, natabasamu. Akitikisa kichwa, natikisa. Watu wakicheka, nacheka, na nilijua kucheka mapema kidogo ili nisionekane nafuata. Nikiulizwa swali nasema "Mungu anajua," maana hilo ni jibu la karibu kila swali la hapa kwetu. Sokoni nilinyoosha vidole na wateja wakadhani nina haraka. Kwenye benchi la sante, siku za kwenda kuangaliwa, nilikuwa nakariri uso wa mtu aliyefika kabla yangu, akiinuka yeye najua anayefuata ni mimi. Siku moja yule niliyemkariri aliondoka, hakurudi. Nilikaa pale nikitazama mlango ukifunguliwa na kufungwa, watu waliokuja nyuma yangu wanaingia, wanatoka. Ningeweza kusimama na kusema, "Jina langu limeshaitwa? Siko nasikia." Maneno machache tu. Sikuyasema. Muuguzi alipofunga mlango na kuweka ufunguo mfukoni, nikanyanyuka, nikaenda nyumbani, nikamwambia mume wangu wamesema nirudi kesho.

Sasa nafika pale.

Jirani yetu ni Mama Tuliza. Tumekaa ukuta kwa ukuta tangu nilipoolewa, tumekopeshana chumvi na moto, na wakati wa kikohozi changu ni yeye pekee aliyeendelea kununua ndagala zangu, akizila mbele ya watu. Asubuhi moja nilimkuta barabarani amevaa vizuri, amefunga kitambaa kichwani, amebeba mfuko. Alisimama akanishika mkono. Alisema kitu akiwa ameinamisha uso. Kwenye midomo yake nilidaka neno moja, Buja. Hapa kwetu mwanamke akivaa asubuhi na kubeba mfuko na kutaja Buja, anavuka mpaka kwenda Bujumbura kununua vitu vya kuuza. Nikacheka. Nikampiga bega.

"Heri yako!" nikamwambia. "Usinisahau, uniletee na minye kitu!"

Aliuachia mkono wangu. Alinitazama kwa muda, halafu akaendelea na safari.

Alikuwa ameniambia: naenda Buja kuleta mwili wa mama.

Nilijua jioni, nilipoona watu wanaleta viti uani kwake, na Baba Riziki akaniandikia vumbini kwa kijiti. Nililisoma lile neno, *mama yake amekufa*, nikakaa chini palepale. Sikwenda msibani usiku ule. Kesho yake nilikwenda mpaka kwenye kona, nikaona mgongo wake katikati ya wanawake wengine, nikarudi. Ningemwambia nini? Nikisema sikusikia, itabidi niseme kwamba sisikii kabisa, na kwamba nimekuwa namdanganya yeye na mtaa mzima kwa miezi. Nisiposema, basi mimi ni mwanamke aliyecheka maiti ya mama wa watu. Nikachagua kukaa ndani. Nilikaa ndani majuma mengi. Riziki ndiye aliyeuza ndagala baada ya masomo, akirudi ananuka kama mimi.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha aliponijia mwenyewe. Nilikuwa uani natwanga sombe, majani ya mihogo, nimeupa mlango mgongo. Sikujua yupo. Baadaye alinisimulia kwamba alikuwa amekuja kunigombeza, alikuwa ameyapanga maneno tangu mazishini. Akaniita. Sikugeuka. Akaita tena kwa jina langu la kwetu, akapiga makofi, akachukua sufuria langu na kuliangusha kwenye saruji. Mimi natwanga. Akaja mbele yangu. Nilipomwona nilidondosha mchi.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasubiri nimtazame. Kisha akasema polepole, midomo ikifunguka sana, kama mtu anayemlisha mtoto:

"Weye, hauko nasikia."

Nikatikisa kichwa: sisikii. Nililia mpaka kamasi ikanitoka, na nikajaribu kusema nisamehe, lakini sijui sauti ilitoka namna gani, maana alinifunika mdomo haraka akitazama nyumba za jirani.

"Tangu wakati gani?" aliuliza.

Nikamwonyesha mlima, kuonyesha mbali.

"Na ile siku?"

Nikatikisa kichwa tena. Sikumwona akisema amenisamehe, na mpaka leo sijamwuliza. Alichokifanya ni kuchukua mchi, kumaliza kutwanga sombe yangu, na kunionyesha kwa mkono kwamba kesho nivae, tunatoka.

Alinipeleka kwenye masomo, shule ya watoto wasiosikia. Ni vyumba viwili nyuma ya kanisa, paa la bati, ukuta mmoja una alama ya maji ya mafuriko. Mwalimu wao ni Esperansi, mwanamke wa umri wangu, mwenyewe hasikii tangu utoto. Mama Tuliza alikuwa anasali naye. Esperansi alinitazama toka juu mpaka chini, akanionyesha benchi la mbele. Benchi la watoto wadogo. Magoti yangu yalifika kifuani. Upande huu nilikuwa na mtoto asiyejua bado kufunga viatu, upande ule binti wa miaka kama kumi na miwili anayeitwa Bahati. Wote walinigeukia.

Mikono yangu ilikuwa migumu kama mbao. Mimi niliyebishana bei na nusu ya ufukwe sikuweza kuomba maji. Bahati alinishika vidole, akavikunja kimoja kimoja, akacheka bila kunificha kwamba ananicheka. Katika juma la kwanza watoto walinipa jina, maana kwao huandikwi jina, unatazamwa kisha unapewa. Jina langu ni mkono unaotikisika kama mkia wa samaki, kisha vidole viwili vinabana pua. Nilipoelewa maana yake uso uliwaka. Nilioga mara mbili siku ile. Lakini kesho yake nilipoingia mlangoni, klasi nzima ilitikisa mkia na kubana pua kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule niliitwa nikaitika.

Nje ya klasi haikuwa hivyo. Siku moja barabarani tulikutana na Esperansi, tukasalimiana kwa mikono, na vijana waliokaa juu ya pikipiki zao wakaanza kutuiga, wakirusha mikono na kutoa ndimi. Baba Riziki alikuwa pamoja nami. Alinishika mikono yote miwili, akaishusha taratibu mpaka mapajani, kama mtu anayefunga dirisha mvua ikija.

"Bantu banatuangalia," alisema.

Hakunikasirikia. Aliona haya, na mimi niliona haya kwa ajili yake, na tulikwenda mpaka nyumbani kila mmoja akitazama upande wake.

Riziki yeye alijifunza upesi kuliko mimi. Alikaa nami mezani akiniuliza kila neno, na ndani ya miezi michache tukawa tunagombana vizuri kabisa, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu nianze sindano. Alinieleza yote aliyokuwa hajanieleza. Lakini akitoka nje ya mlango, mikono yake inakuwa ya mtu mwingine, anaiweka nyuma. Nikimpungia mbele ya wenzake anajifanya hajaona. Sikumlaumu. Alikuwa amejifunza kwangu kujifanya.

Kiangazi kilichofuata nilimeza kidonge cha mwisho. Muganga alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Mama mkwe aliichukua ile sahani yangu akaenda nayo nyuma ya nyumba, na tangu hapo sijaiona. Na Baba Riziki akanyoa masharubu yake. Kama ungemjua ungejua ni jambo gani hilo. Alikuwa nayo tangu ujana, mazito, yanafunika mdomo wa juu wote, na aliyapaka mafuta Jumapili. Alitoka kwa kinyozi na mdomo mweupe kama wa mtoto, akakaa mbele yangu mezani, akasema, "Chumvi iko wapi?" Nikaona kila neno. Hakusema kwa nini ameyanyoa, nami sikuuliza. Nikampa chumvi.

Mwaka wa masomo ulipokuwa unakaribia kuanza, Esperansi aliniita pembeni. Klasi yake haifiki mwaka wa sita. Bahati alikuwa ameshamaliza yote anayoweza kumfundisha, hesabu anazifanya haraka kuliko mwalimu, na bila mwaka wa sita hawezi kufanya mtihani wa serikali. Masomo yaliyo karibu ni yale ya Riziki, na klasi ingekuwa ileile ya Riziki. Direkta, mkuu wa masomo hayo, hakukataa. Alisema tu kwamba wazazi wananung'unika, na ameitisha mkutano.

"Weye uko na sauti," Esperansi aliniambia kwa mikono. "Minye nikisimama, bataona mikono tu."

Nilimwambia sitaweza. Sauti yangu siijui tena. Inatoka kubwa, inatoka ndogo, kanisani niliwahi kusema amina watu wakageuka mpaka mstari wa mbele. Na wale ni wazazi wa wenzake Riziki, ni wateja wangu. Alinisikiliza, yaani alinitazama, mpaka nikamaliza. Kisha akamwonyesha Bahati, aliyekuwa uani anawafundisha wadogo kuruka kamba.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, katika klasi kubwa. Tulikaa kwenye madawati. Esperansi na Bahati walikaa mbele, Baba Riziki nyuma pamoja na wanaume. Riziki alikaa mkabala nami kuniambia yanayosemwa, lakini mikono aliiweka chini, juu ya mapaja, akifanya ishara ndogondogo kama mtu anayekuna kidole. Nilimwelewa. Nusu ya chumba walikuwa mama na baba wa rafiki zake.

Nikaona midomo inafunguka pande zote. Riziki akanipa vipande. Huyu anasema mwalimu atachelewesha watoto wengine. Yule anasema wanawe wataiga na kuacha kuongea. Yule mwingine anauliza kama inaambukiza. Direkta akanionyesha mimi. Nikasimama, nikaanza kusema Bahati ni nani, na nikaona mtu wa mbele anajikunja kidogo, nikajua sauti imetoka kubwa, nikaipunguza, nikaona wa nyuma wanainama mbele, nikapotea.

Hapo baba mmoja aliyekaa karibu na dirisha alisema kitu. Alikisema akiegemea ukuta, bila kunyanyuka. Na chumba kizima kikacheka. Niliona mabega yanaruka, niliona meno, niliona mama mmoja anafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Nilimtazama Riziki. Mikono yake ilikuwa imesimama. Ameinama.

Nami nilishaanza kucheka. Nakuambia ukweli, wewe unayenisoma: mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, mashavu yamepanda, mwili wenyewe ulikuwa umeshajipanga kucheka na wale wanaonicheka, kwa mazoea tu. Halafu nikamwona Bahati. Alikuwa anazungusha macho kutoka uso hadi uso, akitafuta kinachochekesha, na yeye pia ameanza kutabasamu.

Nikafunga mdomo.

"Mumecheka nini?" nikauliza.

Walinyamaza. Kunyamaza kwa watu nakujua, nyuso zinashuka.

"Minye siko nasikia," nikasema. "Nimekaa miezi nikicheka na bantu bila kujua banacheka nini. Leo nataka kujua. Riziki, amesema nini?"

Riziki alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yameshafika.

"Sema, mama yangu," nikambembeleza mwanangu.

Alinyanyua mikono yake kidogo tu kutoka mapajani. Amesema leo kiziwi anamsemea bubu, kesho kipofu ataleta kiwete, basi tufunge masomo tufungue hospitali.

Nilimgeukia yule baba. Namjua, wanawe wamekula ndagala zangu. "Baba," nikamwambia, "rudia, polepole, nikiangalia mdomo. Pengine nami nitacheka."

Hakurudia. Aliangalia dirishani. Nikasubiri, maana kusubiri nimejifunza kwenye benchi. Kisha nikawaeleza. Sikuwa nimepanga. Nikawaeleza sindano, na nyenze, na namna mwanangu alivyodhani nimemkataa kumbe nilikuwa simsikii. Nikawaeleza niliyomwambia jirani yangu siku aliyokwenda kuleta mwili wa mama yake, na watu wawili watatu wakamgeukia Mama Tuliza, aliyekuwa amekaa karibu na mlango na macho yake hayakunitoka. Nilisema, "Ninyi mulinifundisha kuona haya kuliko ugonjwa ulivyonifundisha, na nilikuwa mwanafunzi muzuri. Huyu mutoto bado hajajua kuona haya. Musimufundishe. Mumufundishe hesabu." Nikakaa.

Hawakupiga makofi. Kisha mama mmoja wa mbele, yule aliyefuta macho kwa kitenge, akamuuliza direkta kitu, na Riziki akanitafsiria: anauliza, mwalimu akiwa anaongea na ubao, mtoto atajuaje? Direkta akasema mwalimu atageuka. Mtu akauliza atakaa benchi lipi. Mtu akasema akae mbele. Wakaanza kubishana juu ya benchi, na kwa kubishana huko nikajua kwamba ameshaingia. Direkta alisema ni mpaka mwisho wa muhula wa kwanza, halafu wataona. Yule baba wa dirishani aliondoka kabla ya sala.

Bahati yuko mwaka wa sita sasa. Wengine wanamchokoza bado, na mzazi mmoja amemhamisha mwanawe. Sijui muhula utaishaje.

Siku ile tulirudi kwa miguu, Riziki na mimi, tukifuata barabara kubwa. Baba yake alibaki nyuma akiongea na wanaume, mdomo wake uliokuwa wazi ukisema sijui nini. Wenzake wa klasi walikuwa wamesimama mbele ya duka la mikate, watano au sita, wanatutazama tukikaribia. Nilimshika Riziki bega ili anitazame, na nikauliza kwa mikono, nikiiweka chini karibu na tumbo, kama afanyavyo yeye: Sauti yangu ilikuwa kubwa?

"Mama," alisema kwa midomo, "hata kule ziwani bamesikia."

Uso ukaniwaka. Nikamuuliza: Nimekutia haya?

Alisimama kufikiri. Riziki hasemi uongo siku hizi. Wenzake walikuwa hatua chache tu kutoka hapo, wametukodolea macho. Akatoa mikono mfukoni, akaiinua juu, mbele ya kifua chake, mahali ambapo kila mtu barabarani angeiona, akanijibu.

Kidogo.